Jina la Barasa Halikuwa Ndani ya Kofia

Nekesa,

Katika miaka yote niliyoendesha mashindano ya gofu pale klabuni kwetu, hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kurudi kwake akilia. Hilo mliandike kwenye kaburi langu.

Haya, nimeandika mistari miwili na yote ni uongo. Wamelia. Yule daktari wa meno alilia pale magari yanapoegeshwa, mbele ya bibi yake, akiwa amevaa ile suruali yake ya rangi ya papai, kwa sababu nilimnyima zawadi. Alikuwa amesahau kutia sahihi kadi yake ya kuandikia mikwaju. Mimi nililiona hilo mapema. Ningeweza kumwambia, "Daktari, kalamu hii hapa." Nilinyamaza nikamwangalia anaagiza soda, anacheka na watu, anajipangusa viatu kwa ajili ya picha. Nikangoja mpaka jina lake liitwe na watu waanze kupiga makofi, ndipo nikainua kadi juu. Mwanangu, dakika ile ilikuwa tamu kuliko mbuzi wa Krismasi.

Salamu sikupi, maana uko chumba cha pili na ninakusikia ukipigana na zipu ya begi. Mambo ya neti ya mbu, ya kuchemsha maji na ya kuchagua marafiki, mama yako ameyasema wiki nzima na bado ana mengine ya kukusindikiza nayo mpaka stendi. Mimi nitakuandikia yale asiyoyajua. Yeye ni mtu mwema, na mtu mwema hana habari nyingi.

Kesho unatoka Kitale unaenda Bungoma kuanza kazi yako ya serikali, kuwafundisha wakulima kupanda mahindi ambayo walikuwa wakiyapanda kabla hujazaliwa. Hiyo hainisumbui hata kidogo. Watakusikiliza, watakunywesha chai, watakusifu Kiswahili chako cha chuo, halafu watapanda vile walivyopanda mwaka jana. Inayonisumbua ni ile kazi nyingine, ya Jumamosi, isiyo na mshahara. Ati Barasa amekuomba uendeshe mashindano kwenye uwanja wake wa gofu kule Kabuchai. Barasa! Nawe umeshakubali, na umeniambia ukiwa unamenya viazi, hata hukuinua macho, kama mtu anayesema kuna mawingu.

Sawa. Utaendesha. Lakini unajua kwamba Barasa hajanipa neno moja tangu lile shindano letu. Sasa utakaa naye kila Jumamosi, na siku moja akishiba atakusimulia. Ulikuwapo, najua, ulikuwa nyuma ya meza ukipanga kadi. Lakini ulichoona siku ile ni baba mwenye roho mbaya. Mwanzo wake hukuuona, na mwanzo ndio mtamu.

Unajua nilivyoingia klabuni. Mimi ni mtu wa darasa la sita, na hata hilo la sita nilitoka kupitia dirishani. Klabu yetu ni ndogo, mashimo tisa tu nje ya mji, na ilikuwa na trekta moja ya kukata nyasi ambayo haikumsikia mtu mwingine ila mimi. Wakachoka kuniita kila wiki, wakanifanya mwanachama. Halafu ikaja siku kapteni akatafuta mtu wa kuendesha mashindano kwa kujitolea. Wenye digrii wote wakaangalia viatu vyao. Mimi nikainua mkono.

Watu walidhani ni ukarimu. Mchungaji hata alinitaja kanisani. Kumbe mimi nilikuwa nimeona kitu ambacho wao hawakukiona, kwamba anayepanga nani acheze na nani, na saa ngapi, huyo ndiye mwenye klabu. Kapteni ana koti tu.

Nikatundika diski kuukuu ya plau kwenye ule mti wa bluu gamu, nikawa naigonga kwa spana kuanzisha mchezo. Fikiria hakimu, meneja wa benki na yule mwenye malori, wote wamesimama kwenye umande na viatu vyao vyeupe, wakingoja spana ya fundi. Siku nyingine nilikuwa nainua mkono juu kabisa, wanakaa tayari, halafu naushusha bila kugonga, najikuna mgongo. Ulikuwa ukicheka, Nekesa. Usijifanye sasa kwamba hukucheka.

Na Ijumaa jioni ilikuwa droo. Majina kwenye vikaratasi, vikaratasi ndani ya ile kofia yangu ya sufu ya kijani, mkono unaingia, wachezaji wanatoka wawili wawili. Hakukuwa na kulalamika. "Kofia imesema," ndivyo tulivyokuwa tukisema. Ukipangwa na mtu anayenuka kwapa, kofia imesema. Ukipangwa na aliyekunyang'anya mchumba, kofia imesema, na asubuhi yote mtatembea naye. Wewe unamwandikia mikwaju yake, yeye anakuandikia yako. Kila shimo likiisha mnatajiana namba ya mikwaju, mwenye michache ndiye mshindi, na mwishoni unatia sahihi kwamba ulichokiandika ulikiona kwa macho yako. Hakuna mchezo mwingine ninaoujua ambao unamlazimisha mtu kuwa shahidi wa adui yake. Kwa ajili ya hiyo niliupenda. Kuupiga mpira wenyewe sikuwahi kujua vizuri, na wewe hujui pia, unapiga kama mtu anayeua nyoka.

Mwanzoni kofia ilikuwa inasema yenyewe. Baadaye nikaanza kuisaidia. Unashika kikaratasi kati ya vidole kabla mkono haujaingia, basi, unatoka nacho kana kwamba umekikuta humo. Nikampanga mchungaji na mwenye baa. Nikampanga mwalimu mkuu na mzazi aliyekuwa amemshtaki. Watu walicheka wakashika mbavu, wakaninunulia bia, wakaniuliza, "Wafula, wiki hii kofia ina nini?" Hapo ndipo nilipopotea. Mtu akishachekewa vizuri mara moja, anakuwa kama mlevi, anataka kingine kikali zaidi.

Na kikali zaidi kilikuwa Barasa.

Sikiliza, Barasa hakuwa tu mtu wa kucheza naye. Alikuwa akitoka Kabuchai kila Jumamosi kwa pikipiki, fimbo zake za gofu amezifunga nyuma kama mtu anayepeleka miwa kiwandani, ili tu aje acheze nami vibaya. Fimbo zangu za kwanza alinipa yeye. Na ile siku feni ya trekta iliponikamata mkono, nikiwa kwake namtengenezea trekta, ni yeye aliyeufunga kwa shati lake mwenyewe akanikimbiza hospitali ya Lugulu, kifua wazi, watu barabarani wakidhani tumeiba kitu.

Muuguzi mkuu aliyekuwa zamu ni Mama Selina. Mama mzazi wa bibi ya Barasa. Na mila zetu unazijua. Mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawakai karibu, hawali wakitazamana. Mmoja akija upande huu, mwingine anapita ule. Watu wa mbali wanadhani ni chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko ile wanayopeana madhabahuni. Sasa umeme ulikuwa umepotea, na Mama Selina alitaka mtu wa kumshikia tochi anishone. Barasa hakuweza kuingia chumba alimo. Akazunguka nje, akapitisha mkono dirishani na tochi, uso wake ameugeuzia shambani. Akanimulikia kidonda bila kukiona. Mama Selina akashona akiwa amelipa dirisha mgongo. Na mimi hapo katikati nalia kama ndama, hakuna aliyenicheka.

Hao ndio watu wawili niliowafanyia ubaya.

Mama Selina alipostaafu akaja Kitale kukaa kwa mtoto wake wa kiume. Daktari wake akamwambia atembee, yeye akaona kutembea bure ni ujinga, akaanza gofu. Yule mama alipiga mpira kama anavyodunga sindano, bila huruma na bila kuangalia mara mbili. Baada ya msimu mmoja alikuwa anawashinda wanaume wenye vitambi, nao wakaanza kusema ati mgongo unauma.

Barasa ndiye aliyepata taabu. Mama mkwe akiingia ukumbini kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa jikoni. Jumamosi moja aliponyoka hivyo na sahani yake ya chipsi mkononi, akaenda kuila nyuma ya mitungi ya gesi, mvua inamnyeshea, mzee mzima, chipsi zinaelea. Nilimwona dirishani. Nilicheka mpaka nikapiga chafya. Na wazo likaniingia hapo hapo.

Shindano lililofuata lilikuwa la kuchagua atakayetuwakilisha Eldoret dhidi ya klabu kubwa. Barasa aliitamani safari hiyo tangu tukiwa vijana. Alikuwa ameshamwambia fundi amshonee koti. Ijumaa nikaingiza mkono kwenye kofia, nikasoma jina la Mama Selina, nikaingiza tena, nikasoma la Barasa.

Mtu mmoja kule nyuma akaguna, ikapasuka baa nzima kwa kicheko. Barasa akanifuata nyuma ya kaunta.

"Wafula, umesikia ulichosoma?"

"Nimesikia."

"Yule ni mama ya bibi yangu, bana."

"Kwani kofia inamjua bibi yako?"

"Badilisha. Niweke na yeyote. Niweke na mchungaji, nitavumilia mahubiri."

"Kofia imesema. Kama hutaki, usicheze."

"Unajua siwezi kuikosa hii."

"Najua."

Aliangalia kofia, halafu akaangalia mkono wangu, ule ulioshonwa. "Sawa, ndugu yangu," akasema, akaenda. Hilo "ndugu yangu" ndilo la mwisho nililopata kwake.

Mama Selina alikuwa ameketi karibu na mlango, wewe ndiye uliyeniletea jibu lake. "Anasema atacheza. Anasema hakustaafu ili aanze kuogopa karatasi." Nikafurahi sana. Kama mmoja wao angejitoa, mchezo wangu ungeharibika.

Kesho yake walicheza, na wengine wote wakamaliza haraka waje watazame. Mama Selina anatembea kulia mwa uwanja, Barasa kushoto kabisa, kwenye mabluu gamu, utadhani wanatafuta ng'ombe tofauti. Wakifika kwenye bendera, Barasa anasimama nyuma ya mti, mgongo kwa shimo, kofia mkononi kama yuko mazishini. Anangoja mpaka asikie mpira umeanguka ndani ya shimo. Mama akishaondoka kwenda mbele, yeye ndiye anakuja kumalizia wake. Na namba, kwa sababu lazima watajiane namba, mama aliiambia hewa.

"Anayesikia asikie! Tano!"

Na Barasa akauambia mti, "Tano imesikika!"

"Anayesikia asikie! Nne!"

"Nne imesikika!"

Shimo baada ya shimo. Kwenye veranda watu walikuwa wanalala juu ya meza kwa kicheko. Mwenye malori alimwaga chai mapajani. Wiki nyingi baadaye, mtu akitaka bia alikuwa anapaza sauti, "Anayesikia asikie!" Mimi ndiye niliyeutunga mchezo huo, Nekesa, na nilijiona kama mtu aliyejenga daraja.

Ningeishia hapo, Barasa angenitukana mwezi mmoja, tungekunywa chai, basi. Lakini walipokuja mezani kwangu na kadi, nikahesabu, nikaona mama amewapiga wote. Kadi bora ya siku. Barasa wa pili. Nami nikaona mlango mwingine umefunguka, na mimi sijawahi kupita mlango uliofunguka bila kuchungulia.

"Barasa," nikasema, kwa sauti ya kanisani ili wote wasikie. "Hii nne ya shimo la saba. Uliiona?"

"Alisema nne."

"Sikuulizi alichosema. Ulimwona akipiga?"

"Wafula, wacha."

"Umetia sahihi yako hapa. Ulimwona?"

Angesema ndiyo, moja tu, mambo yangekwisha, na mimi ningemwacha. Lakini Barasa hawezi kudanganya, ni kama ugonjwa kwake. Nilijua hilo nilipouliza. Niliuliza kwa sababu nilijua.

"Nilikuwa nimegeuka," akasema.

"Shimo la saba tu?"

"Yote."

"Basi kadi ya mama haina shahidi. Ametolewa. Hongera, Barasa, unaenda Eldoret. Mama mkwe amekuachia nafasi."

Walicheka. Halafu kicheko kikapungua chenyewe, kama maji yakimwagika mchangani, kwa sababu Barasa alikuwa amechukua kadi yake kutoka mezani. "Na yangu haina shahidi," akasema. "Yeye pia alikuwa ameshatangulia mbele kila nilipomalizia. Andika hivyo, nimetoka." Akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya kofia yangu, akatoka kwa mlango wa jikoni. Koti lake la Eldoret sijui nani alilivaa. Aliyekwenda ni yule daktari wa meno, akawa wa mwisho, na suruali yake ya papai.

Mama Selina alivua glavu yake polepole. Hakuangalia upande alikokwenda Barasa, hata wakati ule hakuangalia. Aliniangalia mimi.

"Wafula," akasema. "Mkono huo ningeushona vibaya kidogo tu, leo usingeweza kushika karatasi."

Alisema kama muuguzi anayesoma joto la mgonjwa. Hakurudi klabuni tena. Fimbo zake akakupa wewe, ndizo hizo ulizozifunga kwa blanketi kando ya mlango. Barasa alipeleka kondoo kwa Mama Selina, kama mila inavyotaka, kusafisha yale maneno, kwa kosa ambalo mimi ndiye niliyelifanya, halafu akarudi zake Kabuchai, akang'oa kipande cha miwa yake, akatengeneza mashimo sita. Sita, na ng'ombe wanapita katikati. Tukikutana sokoni Chwele namwambia, "Sasa, Barasa." Anaangalia kabichi. Ninapita upande wa pili, nasema tena, "Niaje, mzee." Anauliza bei ya kabichi.

Halafu ukaja wewe.

Kwenye mkutano wa wanachama wote, kapteni aliuliza kama kuna mtu ana la kusema kuhusu droo ile. Nilijua hakuna, maana wote walikuwa wamecheka. Kumbe mtoto wangu wa kunizaa anasimama kule nyuma na sweta yake ya chuo. "Jina la Barasa halikuwa ndani ya kofia," ukasema. "Lilikuwa kati ya vidole vya baba." Halafu ukaketi, ukavuta sketi ikafunika magoti, kama mtu aliyesoma matangazo.

Wakaninyang'anya spana. Wakakupa wewe.

Njiani kurudi nyumbani nilikuita majina ambayo hata sasa siyaandiki, na wewe ulikuwa unaendesha gari kwa gia ya pili muda wote kwa sababu machozi yalikuzuia kuona. Nilikula peke yangu siku nyingi. Mama yako aliniletea sahani akaniambia, "Kula, mzee. Hata wezi wa kuku wanakula." Ndiyo huruma niliyopata katika nyumba hii.

Nikaja kwenye shindano lako la kwanza nimechelewa, makusudi, nikitembea kama bwana arusi. Ulikuwa umeshagonga diski.

"Mikwaju miwili ya adhabu kwa kuchelewa," ukasema.

"Mimi ni baba yako."

"Ndiyo, baba. Mikwaju miwili."

Hata hukunikasirikia. Nilicheza vibaya kuliko siku zote, na nilipokuwa naupiga mpira kwenye vichaka nilikuwa najiambia, huyu atakuwa mkali kunishinda. Mimi nilikuwa mkatili kwa kucheka. Wewe huhitaji kucheka.

Sasa hao watu wa Kabuchai watakuambia asante kwa kujitolea. Usiwe na haraka ya kuitikia. Sisi tunaojitolea huwa tunataka kitu, ni vile hakiandikwi. Mimi nilitaka kuogopwa na watu waliosoma. Wewe sijui unataka nini. Nashuku unataka kuwa na haki mbele ya watu, na hiyo nayo ina utamu wake mbaya. Siku ile mkutanoni, ungeweza kuniambia jikoni kwanza. Hukuniambia jikoni. Ulingoja watu wajae, kama mimi nilivyongoja daktari wa meno aitwe jina. Wacha kukunja uso, najua unakunja. Nimekulea mimi, hiyo uliitoa wapi kama si hapa?

Droo yako usiisaidie. Hata kwa wema, hata ukitaka kuwapatanisha watu, hata mtu akikuletea kuku. Mara ya kwanza inakuwa ya wema. Na ukimwona mtu mzima anakula chipsi mvuani ukataka kucheka, kumbuka uko dirishani, ndani, mahali pakavu. Hayo ndiyo yote niliyojifunza, na sikuyajifunza mapema.

Utaniuliza kama nimejuta. Nikuambie ukweli, kwa kuwa kesho hutakuwa hapa kunikodolea macho. Nikikumbuka "Tano imesikika" bado nacheka. Juzi nilicheka peke yangu chini ya trekta mpaka spana ikaniangukia kifuani. Nikageuka nimwambie mtu. Mtu wa kuambiwa kitu kama hicho, ambaye angekielewa chote, kuanzia tochi ya Lugulu mpaka mti wa bluu gamu, ni mmoja tu, naye yuko Kabuchai anauliza bei ya kabichi. Mama Selina amezeeka, nilikwenda kwake mwaka jana, akanipa chai na akauangalia mkono wangu, akasema umepona vizuri mno. Yeye amemalizana nami, tumelingana. Barasa hajamalizana nami. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, na wewe sasa unakwenda kuketi mezani kwake.

Kwa hiyo tuongee habari ya deni lako.

Ulikuwa msichana mdogo wakati ule ulipochukua trekta ya klabu baada ya mvua, ukapita nayo katikati ya ile grini ya shimo la nne, nyasi laini kama mashavu ya mtoto, ukaacha mitaro miwili ya kupanda viazi. Kamati ilitaka kichwa cha mtu. Niliwaambia ni mimi, tena nimelewa. Sikuwa nimeonja hata tone. Walinifungia mwezi mzima, na mchungaji, yule yule, akanitaja tena kanisani, safari hii kwa sababu nyingine. Wewe ulikaa benchi la mbele umevaa gauni jeupe ukaimba. Sijawahi kukudai. Mimi nilisema uongo kwa ajili yako, wewe ukasema kweli juu yangu, na sikudai hata wakati huo. Nakudai leo.

Nimesikia shindano lako la kwanza huko liko wazi kwa wageni. Nitajiandikisha. Weka majina yote ndani ya kofia kama unavyoweka siku zote, yatoke yanavyotoka. Mawili tu usiyaweke. La Barasa na langu yashike kati ya vidole.

Najua nimetoka kukuambia usifanye hivyo. Nilikuwa naongea habari za watu wengine.

Mashimo sita, tutayazunguka mara mbili. Kila shimo likiisha itabidi aniambie namba, ndiyo sheria, na Barasa havunji sheria. Anaweza kunipa mgongo. Anaweza kuuambia mwembe, ng'ombe, chochote kilicho karibu. Aseme tu "tano" kwa sauti, nami nitajibu kwamba imesikika. Spana nimekuwekea ndani ya begi, chini ya unga, ndiyo maana zipu haifungi. Siku hiyo nitafika mapema nikae ndani ya miwa, asinione mpaka usome majina.

Vidole viwili tu, Nekesa. Nifanyie hilo.

Baba